RME ADI-2 DAC FS bila priampu: sauti inapodhibitiwa kwa hesabu

ADI-2 DAC FS ni DAC, yaani kigeuzi cha sauti ya kidijitali kuwa ya analogi, kisanduku cha upana wa nusu raki kutoka RME ya Haimhausen, Ujerumani, kampuni iliyojulikana studio kabla ya kujulikana sebuleni. ADI-2 DAC ilianza kuuzwa mwaka 2018. Hapa tunaitazama kwa kazi moja tu: kuendesha amplifaya ya nguvu moja kwa moja, bila priampu (kifaa cha kudhibiti sauti kabla ya amplifaya) katikati, sauti ikipandishwa na kushushwa kwa hesabu ndani ya kifaa chenyewe. Inaiweza kazi hiyo, tena kuliko priampu nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutisha. Ila haiiwezi kama inavyotoka kwenye boksi. Usipoipanga vizuri unaweza kupata mvumo usiotakiwa kwenye spika, au kuzichoma.

Hofu ya zamani ni kwamba kushusha sauti kidijitali kunakula biti. Hesabu yenyewe ni kweli: kila dB 6 unazoshusha ni kama biti moja. Lakini muziki wa CD una biti 16, na njia ya kwenda kwenye chipu ina angalau 24. Zimebaki angalau biti 8, yaani karibu dB 48 za kushusha kabla biti ya mwisho ya CD haijafika ukingoni. Ndani ya RME hesabu hufanywa kwa biti 42, kwa hiyo mabaki ya kukadiria namba yapo chini mno kuliko kelele ya saketi yoyote duniani. Anayekataa sauti ya kidijitali kwa sababu ya biti anapigana na vifaa vya miaka ya tisini, vilivyokata namba kwa biti 16 bila kuongeza kelele ndogo ya kulainisha, ile ambayo mafundi huiita dita. Vile vilistahili lawama.

Tatizo la kweli liko baada ya chipu. Saketi ya analogi inayofuata ina kelele yake, na hiyo haishuki unaposhusha namba. Ukipunguza dB 40 kwa hesabu, muziki umeshuka dB 40 na kelele iko palepale ilipokuwa. Kinachoamua kama utaisikia ni vitu vitatu: volti ya juu kabisa ya DAC, mara ngapi amplifaya inakuza, na spika zako ni sikivu kiasi gani.

Tuchukue namba za kifaa hiki. Kwenye kiwango chake cha juu, XLR (plagi kubwa za pini tatu) hutoa +19 dBu, kipimo cha volti kwa desibeli, sawa na volti 6.9. Nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ni karibu dB 120, kwa hiyo kelele ni kama mikrovolti 7. Amplifaya ya kawaida hukuza dB 26, yaani mara 20. Kwenye spika inafika karibu mikrovolti 138. Kwa spika zenye usikivu wa dB 90 kwa volti 2.83, hiyo ni dB 4 hivi kwa umbali wa mita 1. Hakuna sikio litakaloisikia. Badilisha spika sasa, weka za honi zenye dB 105, na kelele hiyohiyo inakuwa karibu dB 19. Zikikutana na amplifaya inayokuza dB 32 inafika dB 25, na usiku chumba kikiwa kimya, ukikaa karibu na spika, utausikia mvumo. Wenye honi wanaolalamikia "sauti ya kidijitali" mara nyingi wanalalamikia jambo hili, ila wamelipa jina lisilo lake.

Jibu la RME ndilo linaloipa mashine hii thamani. Saketi ya kutolea sauti ina viwango vinne vya analogi. Kwenye XLR ni +19, +13, +7 na +1 dBu, takriban volti 6.9, 3.5, 1.7 na 0.87. RCA, plagi ndogo za kawaida, iko dB 6 chini kwa kila hatua, hivyo ya mwisho ni -5 dBu, volti 0.44. Ukitoka +19 hadi +1 umeshusha dB 18 kwa analogi, na kelele imeshuka pamoja na muziki. Kilichobaki cha kushushwa kwa namba ni kidogo. Kwenye +1 kelele ya DAC huwa ndogo kiasi kwamba unachokisikia, kama kipo, ni amplifaya yenyewe.

Kuna hali ya Auto Ref Level, inayobadilisha hatua hizi yenyewe kadiri unavyozungusha kitufe. Kwa hedifoni ni nzuri sana. Kwa amplifaya ya nguvu iliyounganishwa moja kwa moja, izime. Sababu ni usalama: ikiwa Auto, hakuna dari. Mtoto akizungusha kitufe hadi mwisho, kifaa kitapanda chenyewe hadi volti 6.9, na amplifaya inayokuza mara 20 itaombwa kutoa volti 138. Amplifaya ya wati 100 kwa omu 8 inafika ukomo kwenye volti 28 tu. Kitakachotoka ni mawimbi yaliyokatwa vichwa, na twita, spika ndogo za sauti za juu, ndizo hulipa.

Kupanga kiwango si kazi ngumu. Tafuta kwenye karatasi ya amplifaya wati zake na ukuzaji wake. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili, upate volti za mwisho. Wati 100 kwa omu 8 ni 800, kipeuo chake 28.3. Gawanya kwa ukuzaji, 20, na unapata volti 1.4. Hiyo ndiyo ingizo linaloifikisha amplifaya ukomoni. Chagua hatua iliyo chini yake: +1 dBu kwenye XLR, volti 0.87, itatoa hadi volti 17 kwenye spika, wati 37 hivi. Kwa spika za dB 90 kwenye chumba cha kawaida hizo zinatosha na kubaki. Ukiona muziki wa klasiki uliorekodiwa kwa sauti ya chini hautoshi, panda hatua moja, si mbili. Dalili kwamba umechagua sawa: usikilizaji wa kila siku unakaa kati ya -35 na -15 kwenye skrini. Ukikaa muda wote kwenye -55, hatua uliyochagua ni ya juu mno.

Baadhi ya amplifaya zina swichi au pini za kupunguza ukuzaji. Zitumie kwanza, kabla ya kugusa chochote kwenye DAC. Kushusha ukuzaji wa amplifaya hupunguza kelele ya kila kinachoitangulia kwa mkupuo.

Jambo linalofuata hupuuzwa na wengi. Kompyuta au simu inayocheza muziki ina kidhibiti chake cha sauti, programu ya muziki ina chake, na DAC ina chake. Vinavyotangulia vyote viwe asilimia 100, na usawazishaji wa sauti kati ya nyimbo uzimwe, ili kazi ifanyike mahali pamoja. RME hutoa mafaili ya majaribio ya kuhakikisha hili. Unayacheza kama wimbo, na kama namba zimefika bila kuguswa, kifaa huandika kwenye skrini kwamba jaribio limepita, kikitaja idadi ya biti. Yasipopita, kuna kitu njiani kinachobadilisha sauti: mara nyingi mikisa ya mfumo wa kompyuta, au kiwango cha sampuli kisicholingana na cha faili. Wenye Windows watumie ASIO au hali ya kipekee, njia zinazoikwepa mikisa hiyo. Kifaa kingine chochote cha aina hii kilipaswa kuwa na kipimo kama hiki, na ajabu ni kwamba karibu vyote havina.

DSD, muundo wa sauti ya kidijitali wa biti moja ulio tofauti na PCM ya kawaida, inataka tahadhari ya peke yake. Ikisafirishwa ndani ya PCM kwa mtindo wa DoP (DSD over PCM), programu ikigusa sauti hata kwa nusu desibeli, alama zinazoitambulisha DSD zinaharibika, na DAC inazichukua namba kama muziki wa kawaida. Kinachotoka ni kelele tupu. Na kwenye matoleo yenye chipu ya AKM, kampuni ya Japani, hali ya DSD Direct hupita kando ya hesabu zote, kidhibiti cha sauti kikiwemo: kitufe hakifanyi kitu na muziki unatoka kwa nguvu zote. Kwa mfumo usio na priampu, hali hiyo isiwashwe kabisa. Aliyeshawishika kwamba DSD isiyoguswa ni bora anunue priampu, au aridhike na DSD inayopita kwenye hesabu.

Hesabu hizohizo ndizo zinazoleta mambo mengine mawili ambayo kitufe cha kawaida hakiwezi. La kwanza ni ekwalaiza ya bendi 5, kila moja na masafa, upana na kiasi chake, pamoja na besi na trebo za pembeni. Chumba kinachovuma kwenye Hz 45 kinatibika kwa kushusha dB 6 hapo, upana mwembamba, na nyumba nzima inatulia. Kupunguza vilima ni salama. Kuinua mabonde si salama: ukiongeza dB 6 huku sauti iko 0, namba zitavuka ukomo na skrini itaonya. Sauti ikiwa imeshushwa kwa dB 6 au zaidi, nafasi ipo. Huo ni ushahidi mwingine kwamba kushusha kwa namba si adui. Hata bila ekwalaiza, nyimbo za siku hizi zilizokandamizwa hadi juu zina vilele vinavyojificha kati ya sampuli na sampuli. Dijitali ikiwa imeshushwa hata dB 3 kabla ya kufika kwenye chipu, vingi vya vilele hivyo hupita bila kukatwa.

La pili ni Loudness, na hapa RME wamefanya kile ambacho swichi za zamani za jina hilo hazikuweza. Sikio hupoteza besi haraka sauti inaposhuka. Ndiyo maana muziki wa usiku huonekana mwembamba. Swichi ya zamani iliongeza kiasi kilekile bila kujua spika zako wala sauti uliyoizoea. Hapa unaiambia mashine sauti yako ya chini ni ipi: sikiliza kwa kiwango cha usiku, soma namba, tuseme -38, iandike kwenye Low Vol Ref. Chagua besi na trebo ziongezwe kiasi gani, hadi dB 10. Kwenye -38 ongezeko lote linatumika, na kadiri unavyopanda linapungua polepole mpaka linaisha dB 20 juu yake, yaani -18. Anza na besi dB 6 na trebo dB 2 au 3. Zaidi ya hapo twita nyingi huanza kuchosha. Ukibadilisha Ref Level, yaani zile hatua nne za analogi, kwa hatua moja, namba ya Low Vol Ref nayo lazima ihamishwe kwa dB 6. Wengi husahau, kisha wanasema Loudness imeharibika.

Ukilinganisha na potenshiometa nzuri, yaani kitufe cha sauti cha analogi, tofauti inasikika hasa chini. Njia mbili za kaboni ndani ya potenshiometa mara nyingi hazilingani mwanzoni mwa mzunguko: chaneli moja huweza kuwa juu kwa dB 1 hadi 3, na mwimbaji anahama kutoka katikati. Baada ya miaka inaanza kukwaruza. Ngazi za rezista zenye rilei hazina tatizo hilo, ila hubofya kila hatua na bei yake hupanda haraka. Hapa chaneli zinalingana kwenye kila namba, kwa hatua za nusu desibeli.

Kasoro zipo. Hakuna ingizo la analogi, kwa hiyo santuri haina mlango wa kuingilia. Hakuna HDMI ya televisheni wala mtandao. Hakuna kichujio cha kugawa besi kwa sabufa. Menyu zimejaa vifupisho vya studio, na vitufe ni vidogo kwa mtu anayetegemea kuvipapasa gizani. Rimoti inaokoa, ingawa ni ya plastiki nyepesi kwa kifaa cha hadhi hii. Ugavi wa umeme ni adapta ya volti 12 ya nje, jambo linalowaudhi wanaonunua kwa uzito. Wasiwasi huo hauna msingi wa kisauti.

Chipu imebadilika njiani. Matoleo ya kwanza yana AK4490, yaliyofuata AK4493, na baada ya kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kuungua Oktoba 2020, RME walihamia ES9028Q2M ya ESS. Usichague kimoja dhidi ya kingine kwa masikio. Angalia vichujio na DSD, kwani hapo ndipo vinapotofautiana.

Mwisho ni nyaya. Kama amplifaya yako ina RCA tu, tumia RCA za kifaa, usitengeneze waya wa XLR kwenda RCA. Ukilazimika, pini ya 3 iachwe wazi. Ukiiunganisha na ardhi unailazimisha saketi ifanye kazi bure na upotoshaji unapanda. Washa DAC kwanza, shusha sauti hadi -50, ndipo uwashe amplifaya. Kuzima ni kinyume chake: amplifaya kwanza.