Kozi ya ufumaji wa Ufilipino pale Bel-Air: dola 60 zangu zimenunua nini

Nianze na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kwanza hapa dukani: dola 60. Nusu unalipa siku ya kwanza, nusu kabla kozi haijaisha. Nyuzi ni za mwalimu, na ukitaka kurudi nyumbani na vijiti vyako vya kufumia unaongeza dola 15. Kwa fundi cherehani wa Kenya (komini yetu, yaani mtaa mkubwa, wa Lubumbashi huku Kongo, msije mkadhani naandika kutoka Nairobi) hizo si pesa za kuchezea. Ni libaya kadhaa, blauzi zetu za kitenge, pamoja na skati zake, zimekwisha na zimepigwa pasi.

Nilizitoa kwa sababu simu za wateja zilikuwa zimenichosha. Mtu anaingia, hata habari za asubuhi hakuna, ananisogezea simu usoni: "Mama, unishonee hii." Picha ya Lagos, picha ya Abidjan, picha ya Kinshasa. Nashona, nalipwa, mteja anaondoka amefurahi, na mwaka unakwisha bila kushona kitu hata kimoja kilichotoka kichwani mwangu. Dada mmoja wa kanisani ndiye aliyenitajia mama Mfilipino anayefundisha ufumaji wa asili wa kwao.

Kozi inafanyika Jumamosi asubuhi kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, mtaa wa Bel-Air, hapa hapa Lubumbashi. Mwalimu tunamwita Madame. Mume wake ni injinia wa migodi, na yeye mwenyewe ni mzaliwa wa General Santos, mji wa kusini mwa kisiwa cha Mindanao. Siku ya kwanza alituambia waziwazi kwamba yeye si mtu wa T'boli, kabila la huko huko Mindanao, kwamba kufuma alifundishwa na wanawake wa T'boli kule kwao Lake Sebu, na kwamba hatatufundisha kunakili michoro yao kwa sababu si mali yake ya kugawa. Nikasema moyoni, huyu nitamsikiliza. Mji huu una walimu wengi wanaouza kisicho chao.

Halafu akafungua kitambaa. Kinaitwa t'nalak. Kina rangi tatu tu: nyeusi iliyoelekea kahawia, nyekundu ya kukolea, na rangi ya nyuzi zenyewe. Kinang'aa, nami nikadhani kimepigwa wanga. Kumbe ni kauri, yule konokono wa baharini: kikishafumwa, mtu anakisugua kwa gamba la kauri, kwa nguvu za bega, sehemu baada ya sehemu, mpaka kinatoa ule mng'ao. Nilikishika kati ya vidole kama ninavyoshika kitambaa chochote sokoni. Ni kikavu, kinakwaruza kidogo, na ni chepesi kuliko unavyodhania kwa macho. Nyuzi zinatoka kwenye abaka, ndugu wa mgomba wetu, ila huyu halimwi kwa ajili ya ndizi. Kinachotakiwa ni nyuzi zilizomo kwenye shina.

Kilichonishinda kabisa ni mchoro. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hufungwa mafundo madogo kabla ya kutiwa rangi, ili penye fundo rangi isipenye. Zikifunguliwa, zinafungwa tena mahali pengine kwa rangi ya pili. Yaani mchoro wote umeshakaa kwenye nyuzi kabla mfumaji hajapitisha mshindio, uzi wa kukatisha, hata mara moja. Na hakuna karatasi. Hakuna patroni, hakuna chaki. Madame alitusimulia habari za Lang Dulay wa Lake Sebu, aliyeanza kufuma akiwa na miaka 12 kwa mama yake, na ambaye husemwa alikuwa na michoro kama 100 kichwani. Mwaka 1998 nchi yake ilimpa heshima iitwayo Gawad sa Manlilikha ng Bayan, inayotolewa kwa mafundi wa sanaa za asili chini ya sheria ya 1992, na anayeipokea anatakiwa awafundishe vijana. Alifariki 2015. Mimi hata libaya ya mikono mifupi nakata nikiwa na patroni mezani.

Sasa kufuma kwenyewe. Kitanda cha kufumia hakina miguu. Ni vijiti kadhaa, upande mmoja umefungwa kwenye nguzo ya baraza, upande wa pili umefungwa kwenye ukanda unaopita nyuma ya kiuno chako. Unakaa chini, miguu umeinyoosha, na mwili wako ndio unaokaza nyuzi. Ukiegemea nyuma, mtande unakaza. Ukisogea mbele, unalegea na unaweza kupitisha mshindio. Ukipiga chafya, kitambaa kinajua. Siku za mwanzo kitambaa changu kilikuwa kipana chini, chembamba katikati, kisha kipana tena, kwa sababu nilikuwa navuta kila wakati nikiwaza mambo ya dukani. Kijana mmoja mchoraji kutoka Katuba alikiangalia akasema, "Yaya (kwetu ni dada mkubwa), hapa ndipo ulipokasirika." Na ni kweli, hapo ndipo nilipokumbuka deni la mtu fulani.

Lawama yangu ya kwanza ni nyuzi. Tangazo lilisema tutafuma kwa nyuzi za asili. Tulipofika tukapewa akriliki ya madukani, ile ya kufumia kofia za watoto, inayonyumbulika kama mpira. Madame alieleza kwamba abaka kuifikisha hapa ni gharama, nami namwelewa, lakini basi liandikwe hivyo kwenye tangazo. Baadaye nikaja na rafia yangu. Mama yangu ni mtu wa Mweka, Kasai, na nyumbani kwetu rafia haikukosekana kamwe. Madame alifurahi kuliko sisi wote.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuliuliza. Vitambaa vya rafia vya Wakuba, watu wa kule Kasai, ni vifupi, kama mkeka wa kuswalia, na ukitaka sketi ndefu ya sherehe unaunganisha vipande. Sababu ni urefu wa jani: uzi unaishia jani linapoishia. T'boli wao huunganisha uzi wa abaka kwa fundo, ncha kwa ncha, fundo dogo ambalo kidole hakilihisi, hivyo kitambaa kinaweza kwenda mita nyingi. Kwa upande mwingine, kwa Wakuba mwanamume ndiye anayefuma na mwanamke ndiye anayetarizi kwa sindano, anapenyeza uzi na kuukata kwa kisu kidogo mpaka unasimama kama mahameli, tena bila kuchora kwanza. Kwa T'boli, kwa desturi, uzi wa abaka ukiwa unafumwa mwanamume haruhusiwi hata kuugusa. Nyanya yangu alitarizi mpaka macho yakakataa. Nilikuwa nikimwona, nikadhani anarudia tu alichoonyeshwa.

Rafia nayo ina adabu yake. Jua la mwezi wa kumi likipanda, inakauka na kukatika, na nililazimika kuipitishia kitambaa chenye maji kila mara. Madame akasema abaka ni hivyohivyo, ndiyo maana wafumaji wa Lake Sebu hupenda ubaridi wa alfajiri na wa jioni. Basi kwa nini kozi inaanza saa tatu na kuisha saa saba, jua likiwa utosini? Nilimuuliza. Alicheka, akasema saa kumi na mbili asubuhi hakuna Mlushois, mtu wa Lubumbashi, atakayekuja. Sikuwa na jibu.

Nilimuuliza pia, kwa kuwa maisha yangu ni mkasi, kama anaweza kunikatia kipande cha ile t'nalak nikashonee mfuko. Alikikunja taratibu akakirudisha kwenye boksi. Kwa desturi ya T'boli, kukikata ovyo huleta ugonjwa, na hata kukiruka kikiwa kinafumwa ni mwiko. Siku hizi mifuko ya t'nalak inauzwa, hilo alikiri mwenyewe, lakini chake hakikatwi. Nilikwenda nyumbani na hilo. Kitenge mimi nakikata kabla mteja hajamaliza kuongea.

Jumamosi ya mianzi sikuitarajia na ndiyo iliyonipendeza zaidi. Tulitoka Mindanao tukaenda kisiwa cha Mindoro, kwa Wahanunuo Mangyan, wanaochonga mashairi yao kwenye mwanzi kwa ncha ya kisu, kwa maandishi yao wenyewe ya zamani. Shairi linaitwa ambahan: kila mstari mizani saba, vina vya mwisho vinafanana, na maneno hayasemi jambo moja kwa moja. Hutumika kwa kuposa, kwa kuonya watoto, kwa kumkaribisha mgeni. Sisi waliotuchosha shuleni kwa mizani nane tulijiona tumebebwa, mpaka tulipoanza kuhesabu. Saba ni ngumu! Neno moja likizidi, kila kitu kinabomoka, unatafuta jingine, na lile jingine linakupeleka usikotaka kwenda. Binti mdogo kuliko wote, baba yake ni mchimbaji, alikaa kimya asubuhi nzima, kisha akasoma:

Baba yumo shimoni,
chai yake mezani.

Hesabu mwenyewe. Saba na saba. Hakuna aliyesema kitu, na Madame alimpa mwanzi ulionyooka kuliko yote. Kama angeambiwa aandike chochote anachotaka kuhusu baba yake, angejaza ukurasa wa "nampenda sana baba yangu".

Sasa siku mbovu. T'boli husema michoro inatoka kwa Fu Dalu, roho mwenye abaka, anayemjia mfumaji usingizini. Madame akatupa madaftari, tulale nayo karibu na mto, tuje na mchoro tulioota. Mimi niliota mwenye nyumba. Wengine walikuja na maua na mioyo waliyochora kwenye basi dakika za mwisho, kila mtu alionekana. Nilimwambia Madame kwa heshima kwamba sehemu hii aiondoe. Yule aliyeanza na miaka 12, mwenye michoro 100 vidoleni, akiota, ndoto inapata vifaa vya kufanyia kazi. Sisi hata ukingo ulikuwa bado unatushinda. Alinisikiliza, lakini sidhani ataiondoa, maana ndiyo inayovutia watu kwenye tangazo.

Yule mchoraji wa Katuba naye alikuwa na lake. Alisema Lubumbashi tulishapitia haya: Le Hangar, karakana aliyoifungua Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, hapa hapa, enzi mji ukiitwa Elisabethville, ambapo vijana walikatazwa kunakili picha za Ulaya na kila mmoja akaachwa na mkono wake. Bela akachora kwa vidole, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa vistari vifupi, Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake. Ni kweli, na kazi zao nazipenda. Lakini pale aliyeweka mpaka alikuwa mgeni, akiamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si chake. Kule Lake Sebu anayekwambia "sivyo, fumua" ni mama yako. Tulibishana mpaka chakula cha mchana, Madame akiwa katikati na ukanda wake kiunoni.

Nilichotoka nacho ni utepe wa rafia wa upana wa viganja viwili hivi, mweusi na rangi yake ya asili. Mchoro wake ni wa pembe zinazofungana, sikuuona kwenye simu ya mtu. Niliushona kwenye kola ya libaya ya kitenge cheusi nikaitundika mlangoni. Mteja wa kwanza aliuliza picha yake iko wapi. Wa pili aliinunua, kwa bei ambayo sikuipunguza.

Je, nakushauri uende? Kama mikono yako tayari ina kazi, ushonaji, uchoraji, ususi, nenda, pesa yako itarudi. Kama unatafuta brevet, yaani cheti, ya kuonyesha ofisini, hawatoi brevet. Wenye matatizo ya mgongo wafikirie mara mbili, na akina mama msije na kikwembe kilichobana. Bebeni mto wa kukalia, sakafu ni saruji, na rafia yenu wenyewe kama mnaipata. Muulizeni Madame nyuzi ni za nini kabla hamjatoa nusu ya kwanza. Majina yanaandikwa kwa mlinzi pale getini. Mwambie umetumwa na fundi wa Kenya, ingawa bei hatakupunguzia.