TrueNAS kwenye ofisi ya uwakala wa forodha: tathmini ya fundi aliyehamisha nyaraka zote

Ninatunza kompyuta za ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao mkurugenzi ameshawaambia kwamba seva imejaa na bajeti ni ndogo. Sisi tulichagua TrueNAS. Ni programu isiyo na ada ya leseni inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa seva ya kuhifadhi mafaili, na moyo wake ni ZFS, mfumo wa mafaili uliozaliwa Sun Microsystems na kutolewa hadharani mwaka 2005. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaieleza kwa nini nimeizuia.

Kwanza mzigo wenyewe. Kila shehena inayopita mikononi mwetu huacha bili ya shehena, ankara, orodha ya mizigo, tamko la forodha na stakabadhi za malipo, na zote huskaniwa. Hakuna kinachofutwa haraka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa ofisa wa forodha nafasi ya kuzidai ndani ya miaka mitano tangu mzigo uingie. Karatasi iliyopotea ni mteja anayelipishwa kodi upya. Seva ya zamani ilikuwa na diski nne za TB 1 kwenye RAID 5 (mpangilio wa diski kadhaa unaovumilia kufa kwa moja), na ilitumia Windows Server 2012 R2, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2023. Kuongeza diski tu kusingetosha. Ilibidi data ihame nyumba.

Watu wengi huanza na ukubwa wa diski. Mimi nilianza na aina. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za TB 2 hadi TB 6 zinatumia SMR, yaani njia za data zinapandana kidogo ili nafasi iongezeke. Kwa kusoma hazina tatizo, lakini ZFS inapojaza upya diski iliyochukua nafasi ya ile iliyokufa, uandishi mfululizo huzilemea na kazi inayopaswa kuisha usiku mmoja huvuta siku nyingi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma namba kamili ya modeli na uhakikishe ni CMR, yaani ile ambayo njia zake za data hazipandani. Pili, kagua kama diski ni mpya kweli. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika huko Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha tumika zilikuwa zikiuzwa na baadhi ya wauzaji kama mpya, saa zao za kazi kwenye SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia, zikiwa zimerudishwa sifuri. Kumbukumbu nyingine ya ndani, inayoitwa FARM, iliwaumbua. Kwa diski za Seagate, amri ya smartctl -l farm kutoka programu za smartmontools toleo la 7.4 kwenda juu huonyesha saa halisi. Nilimwomba muuzaji anisubiri dukani nikiipima kila diski kwa kompyuta ndogo, na alikubali bila shida. Muuzaji anayekataa kipimo hicho, ondoka.

Tulinunua diski nne za TB 8 na kuzipanga jozi mbili za diski pacha. Ukipiga hesabu utapata TB 16, ila kompyuta inayohesabu kwa 1,024 itakuonyesha kama 14.5, na si vizuri kuijaza zaidi ya asilimia 80. Mwambie mhasibu mapema. Ningeweza kupata nafasi zaidi kwa RAIDZ1, mpangilio wa ZFS unaotenga nafasi ya diski moja tu kwa ulinzi, lakini diski pacha hujazwa upya kwa kunakili kutoka kwa mwenzake tu, na puli, yaani diski zote zikihesabiwa kama hifadhi moja, hukua kwa kuongeza jozi nyingine bila kugusa zilizopo. Kwa ofisi inayokua taratibu kama yetu, huo ndio mpango ninaoutetea.

Mambo matatu kuhusu mashine. TrueNAS inataka diski yake ya kuwakia, ambayo haihifadhi data yako. SSD ndogo inatosha. Memori ya chini ni GB 8, sisi tuliweka 32 za ECC, memori inayosahihisha makosa yake yenyewe. Na usiiweke ZFS nyuma ya kadi ya RAID. Inataka kuziona diski zenyewe uso kwa uso, la sivyo haiwezi kujua ni ipi inayodanganya.

Sasa kuhama, ambako ndiko kazi ilipo. Tulikuwa na TB 2.4. Kwenye mtandao wa gigabiti 1 unapata kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo karatasini ni saa sita. Usimpe bosi hesabu hiyo. Mafaili yetu mengi ni PDF za kilobaiti mia chache, na kila faili dogo lina gharama yake ya kufunguliwa, kuandikwa haki zake na kufungwa. Saa sita za karatasini huwa siku.

Ndiyo maana sikufunga ofisi. Nilitumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, wakati makarani wanaendelea na kazi, kisha nikairudia kila usiku ichukue yaliyobadilika tu. Jumamosi jioni seva ya zamani ikawekwa ya kusoma peke yake, robocopy ikapita mara ya mwisho, na pasi hiyo ilikuwa fupi. Wanaoitumia kwa mara ya kwanza wasikie haya. Bila kuiambia vingine, robocopy hujaribu tena faili lililofungwa mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, hivyo weka /R:1 /W:1. Chaguo la /MIR hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukikosea ukaigeuza njia ya kutoka na ya kwenda, umeifuta seva. Anza na /L, ambayo inaorodhesha tu bila kugusa kitu. Na hifadhidata ya programu ya uhasibu usiinakili ikiwa inafanya kazi. Chukua nakala rudufu kwa chombo cha programu yenyewe, kisha irudishe kwenye mashine yake.

Jina la seva nalo ni jambo. Makarani wana njia za mkato, na majedwali yao ya Excel yanaelekeza kwenye jina la zamani. TrueNAS inakubali kupewa jina la ziada kwenye SMB, huduma inayozipa kompyuta za Windows mafaili kupitia mtandao, kwa hiyo Jumatatu waliingia kupitia njia zile zile walizozizoea. Hakuna aliyenipigia simu kuuliza mafaili yako wapi. Seva ya zamani tuliizima ikiwa nzima, data yote ndani, hadi ripoti ya kodi ya mwezi ule ilipokamilika kutoka kwenye hifadhi mpya. Fundi anayefomati diski za zamani siku hiyo hiyo ili azitumie kwingine anacheza na mali ya watu.

Baada ya hapo ndipo nilipoipenda ZFS kweli. Kila bloku, yaani kipande cha data, inaandikwa pamoja na cheksamu yake, namba ya kuthibitisha kwamba haijaharibika, na ukaguzi unaoitwa skrabu husoma kila kitu na kulinganisha. Skrabu ya kwanza ilikuta makosa kwenye diski moja, ikayasahihisha kutoka kwa pacha wake, na kuniandikia barua pepe. Chanzo kilikuwa waya wa SATA, nikaubadilisha. RAID 5 yetu ya zamani haikuwa na njia ya kujua data ipi ni sahihi.

Kisha kuna snapshoti, yaani picha ya mafaili yote jinsi yalivyo kwa wakati fulani. Tumeweka moja kila saa wakati wa kazi, na hazichukui nafasi ila kwa kilichobadilika. Karani mmoja alifuta folda ya makontena ya mteja mkubwa saa chache kabla ya mzigo kutolewa. Alibofya kitufe cha kulia, akachagua matoleo ya awali, folda ikarudi, na mimi nilikuwa bado njiani kwenye foleni ya Ubungo. Mtu wa kawaida kujiokoa mwenyewe ni thamani kubwa.

Nakala ya pili iko tawi letu la Tunduma, karibu kilomita 900. Kutuma terabaiti kwa intaneti ya tawi isingewezekana, hivyo nakala ya kwanza ilijazwa hapa ofisini kwa waya, mashine ikafungwa vizuri na kupanda basi, na sasa usiku huvuka mabadiliko tu.

Umeme: ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, kwa hiyo kukatika ghafla hakuvurugi mfumo wa mafaili, ila sekunde chache za mwisho zinaweza kupotea. Weka UPS yenye waya wa USB. TrueNAS itaisoma na kujizima kwa adabu.

Nyota niliyoizuia? Haki za mafaili. Ukurasa wa ACL, orodha ya nani anaruhusiwa nini, ni mgumu, na ofisi isiyo na Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji, itahangaika kuelewa kwa nini karani anaona folda lakini hawezi kuifungua. Pia watengenezaji wamebadilisha mwelekeo: tawi la zamani linalotumia mfumo endeshi wa FreeBSD limeachwa nyuma na lile la Linux, na toleo la 24.10 lilihamisha programu za ziada kutoka Kubernetes kwenda Docker, mfumo tofauti wa kuziendesha. Mimi situmii programu hizo za ziada, na nashauri seva ya nyaraka ibaki ya nyaraka. Masasisho sichukui siku yanapotoka. Nasubiri yale ya marekebisho yanayofuata.

Kama ofisi yenu haina mtu wa kompyuta kabisa, nunueni kasha la Synology lililo tayari, mlipe zaidi, mlale. Mkiwa naye, na yuko tayari kusoma, TrueNAS itamtosha. Puli yetu leo iko asilimia 31. Ikifika 70 nitaagiza jozi ya tatu, maana kupata diski za CMR zilizopimwa huchukua muda.