Wakala wa kuajiri tuliyemtumia: usaili safi sana, mafunzo elekezi bado

Kama kampuni yenu inafikiria kumpa wakala kazi nzima ya kuajiri, yani kuanzia tangazo mpaka mtu anaripoti kazini, mi nasema ya kwetu maana hawa tumewatumia kujaza nafasi za stoo na uhasibu. Jina lao naliacha, naongelea kazi yao. Kwenye kuchuja na kusaili wako vizuri kweli kweli, kwenye kumpokea mfanyakazi mpya wamechemka.

Kilichonivutia mwanzoni kabisa ni kwamba waligoma kutoa tangazo. Bosi anataka mtu haraka, sisi tumeshawatumia maelezo ya kazi ya zamani, wao wakasema hapana, kwanza tukae na msimamizi wa stoo. Wakamuuliza huyu mtu akifika asubuhi anaanza na nini, anaripoti kwa nani, na kitu gani kikiharibika ndo mnajua stoo imelala. Kwenye yale maelezo tulikuwa tumeandika awe na digrii na uzoefu wa miaka mitano, wakauliza digrii ya kufanyia nini hapa stoo? Hakuna aliyekuwa na jibu. Digrii ikatoka, ikaingia ajue kulinganisha leja na mzigo uliopo rafuni, na tangazo lilivyotoka hivyo waombaji wakawa wachache ila wanaoeleweka.

CV wanakuletea zimefichwa jina, picha na umri, unaona namba tu. Kuna wenzangu walinuna, eti tutamjuaje mtu, ila hili jambo lina msingi wake. Utafiti wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan uliochapishwa 2004 ulipeleka CV za kutunga karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zinafanana lakini majina tofauti, zile zenye majina yanayosikika ya kizungu zikapigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina ya Wamarekani weusi. Jina tu hilo! Kwa hiyo mi kwenye hili niko upande wa wakala moja kwa moja.

Sasa usaili, hapa ndo pesa yetu ilifanya kazi. Kila msailiwa anaulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, kila mjumbe wa jopo ana karatasi yake ya alama na anajaza kabla hamjaongea, hakuna ile ya mkubwa kusema huyu nimempenda halafu wote mnaitikia. Na sio mbwembwe, mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walipitia upya mahesabu ya tafiti za miaka mingi na usaili uliopangwa namna hii ndo ukakaa juu kabisa kwenye kubashiri nani ataifanya kazi vizuri. Halafu wakaongeza jaribio la kazi yenyewe, mtu wa stoo anapewa invoisi na delivari noti ya mzigo uleule anaambiwa pokea mzigo huu. Wengi walihakikisha jumla zinalingana wakasaini, wamemaliza. Dada mmoja mwenye CV fupi kuliko wote akanyamaza kidogo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema samahani, huku wameandika katoni huku wameandika vipande, mi hapa sisaini mpaka tufungue tuhesabu. Ndo tuliyemchukua, na kwa CV peke yake asingefika hata mlangoni.

Wadhamini waliwapigia wenyewe na kutuletea maandishi, sina neno. Pia hawamtozi mwombaji hata senti, na hili ulizeni kabla hamjasaini na wakala yeyote, maana Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 unakataza wakala binafsi kumtoza mtafuta kazi ada, iwe wazi au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa sababu maalumu.

Tukija kwenye mafunzo elekezi, hapana jamani. Siku ya kwanza yule dada kawekwa chumbani anaonyeshwa slaidi za historia ya kampuni na sera ya mavazi mpaka mchana, akitoka hana paswedi ya mfumo wa stoo, funguo hajui ziko kwa nani, na msimamizi wake hata hakuwa na taarifa kwamba leo ndo anaanza! Inaniuma kwa sababu umehangaika kumpata mtu makini hivi halafu unamfanya ajione mgeni asiyealikwa. Wakala hawezi kujua nani kwenu anashika funguo, kwa hiyo hii sehemu msiwape, fanyeni wenyewe. Sisi baadae tuliichukua, paswedi na vifaa vinaandaliwa kabla mtu hajafika, msimamizi anampokea yeye mwenyewe, anampa mwenzake mmoja wa kumuuliza vitu vidogo vidogo, na wanakaa tena kila baada ya muda kuangalia kazi inaendaje mpaka kipindi cha majaribio kiishe, sio kusubiri siku ya mwisho ndo umwambie hufai.

Nyota nne kati ya tano, ile moja imeondoka na slaidi. Mkienda kwao ombeni bei ya kuishia kwenye barua ya ajira, wanakubali ukiwabana. Na someni kile kipengele cha kuletewa mtu mwingine bure kama wa kwanza ataacha kazi mapema, wao wanahesabu muda kuanzia siku ya kusaini mkataba, waambieni waandike siku ya kuripoti kazini, maana mtu akiwa na notisi ya kumalizia kwa mwajiri wake wa zamani huo muda unaliwa kabla hata hamjamwona.