Kifaa cha kufungulia friwili: kimeshindwa kazi yake moja, na aliyeniuzia ameulaumu mkono wangu

Nilikuwa nimekusudia kungoja hasira ipoe kabla ya kuandika maoni haya, lakini haijapoa, na naona sasa kwamba kunyamaza kwangu kunamfaa muuzaji peke yake. Kifaa ninachokizungumzia ni kile kipande kizito cha chuma chenye meno mawili kwa chini na umbo la nati kubwa kwa juu, ambacho huuzwa kwa ajili ya kufungulia friwili ya gurudumu la nyuma la baiskeli, yaani lile duara la meno linalovutwa na mnyororo. Nilikinunua miezi kadhaa iliyopita katika duka moja la vipuri huko Ngamiani, hapa Tanga, kwa bei ambayo ilizidi bei ya friwili mpya yenyewe. Nililipa bila kunung'unika, kwa sababu nilidhani nanunua chombo cha kukaa nacho miaka mingi na si kitu cha kutumia mara moja.

Haja yangu ilikuwa hii. Spoki za gurudumu la nyuma zilikatika, na kama ilivyo kawaida zilikatika upande wa mnyororo, ambako mzigo na nguvu ya miguu hukutana. Anayetengeneza baiskeli anajua kwamba spoki za upande huo haziwezi kubadilishwa friwili ikiwa mahali pake, kwa maana friwili hufunika matundu ya habu, kile kitovu cha gurudumu zinakofungwa spoki, na spoki mpya haipati njia ya kupenya. Friwili yangu ilikuwa nzima kabisa, meno yake hayajalika, na ule mlio wake wa tik-tik wakati wa kuteremka ulikuwa safi. Kwa hiyo sikutaka kuipeleka kwa fundi ambaye angeipiga kwa tindo na nyundo hadi itoke ikiwa imeharibika. Nilitaka itoke nzima, nibadilishe spoki, kisha niirudishe. Hiyo ndiyo ahadi pekee ya kifaa hiki; hakina kazi nyingine yoyote duniani.

Ni lazima nieleze kwa nini friwili huwa ngumu, kwa sababu muuzaji aliniambia baadaye kwamba yangu ilikuwa na "matatizo yake". Haikuwa na tatizo lolote. Friwili hukazwa kwenye habu kwa thredi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu) za kawaida za kulia, zinazokaza kuelekea mwendo wa saa, na kila mara mwendesha baiskeli anapokanyaga pedeli, mnyororo huivuta kuelekea upande uleule wa kukaza. Mtu akipanda mlima na gunia la mkaa nyuma, anaikaza. Akiondoka kwenye mchanga, anaikaza. Baada ya miaka michache imekazwa kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa binadamu ungeweza kuitia kwa spana. Ongeza hapo hewa ya chumvi ya mji wa pwani, na friwili ya chuma iliyokaa juu ya habu ya alumini, metali mbili ambazo zikigusana penye unyevu na chumvi huliana na kushikana. Ugumu huo ndio hali ya kawaida ya friwili yoyote iliyotumika. Kifaa kisichoweza kuukabili kinafaa kufungulia friwili mpya tu, ambazo hazihitaji kufunguliwa.

Nilifuata utaratibu wote. Niliitia friwili mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, nikailaza usiku kucha gurudumu likiwa limelala upande ili mafuta yateremke kwenye thredi. Niliondoa nati na washa za ekseli, nikasafisha mapengo mawili ya friwili, yanamoingia meno ya kifaa, kwa msumari hadi uchafu wote ukatoka, nikakiweka kifaa meno yake yakiwa yamezama hadi mwisho, kisha nikairudisha nati ya ekseli juu yake ili ikishikilie kisiruke. Hatua hii ya nati ndiyo ambayo wengi huiruka, na meno yakiteleza hulaumu kifaa, mimi sikuiruka. Halafu, badala ya kutumia spana malaya ambayo ingekula pembe za kifaa, nilikibana chenyewe kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma chenye taya mbili, iliyofungwa kwa bolti kwenye meza yangu ya kazi, gurudumu likiwa juu, nikalishika tairi kwa mikono miwili kama usukani wa lori. Kwa njia hiyo gurudumu zima huwa ndiyo mpini wa spana, na mtu wa kawaida hupata nguvu kubwa bila kuhitaji bomba la kurefushia.

Nikalizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Gurudumu halikusogea. Nikaongeza nguvu, na likaonekana kama linaanza kutii, nikafurahi, kumbe kilichosogea kilikuwa ni jino la kifaa likijikunja. Lilifuatwa na mlio mkavu na pembe ya jino ikaruka chini ya meza. Nilipokitoa nilikuta jino moja limemeguka na la pili limelala upande, ilhali kuta za mapengo ya friwili, ambazo nazo ni chuma cha kawaida tu, zilikuwa na michubuko midogo. Kwa maneno mengine, chombo kilikuwa laini kuliko friwili ambayo kilitengenezwa kuifungua. Tupa niliyoipitisha baadaye kwenye jino lile lililopinda ilikula chuma bila shida yoyote, na chuma kilichokazwa vizuri kwa moto hakiliwi na tupa kwa urahisi namna hiyo.

Mpaka hapo ningeweza kuvumilia. Vifaa huvunjika, na ningetosheka kupewa kingine au hata kuambiwa pole. Nilikirudisha dukani kikiwa kimefungwa kwenye gazeti pamoja na ile pembe iliyomeguka. Kijana aliyekuwa kaunta, yuleyule aliyeniuzia, hakunipa shikamoo, jambo ambalo katika mji huu bado lina uzito wake. Alikuwa akitazama simu na alinijibu bila kuinua uso. Nilipokifungua kifurushi na kumwonyesha, alikigeuza mara moja kwa kidole kimoja na kusema, "Mzee, chuma hakirudishwi. Hivi vyataka anayejua." Nikamwuliza kwa utulivu anayejua angefanya nini ambacho mimi sikufanya. Akacheka, akamgeukia mteja mwingine, akasema kwa sauti ya kunifanya nisikie kwamba wazee wa siku hizi wanajifanya mafundi kisha wanakuja kusumbua watu.

Nimekuwa nikifungua na kufunga magurudumu tangu kijana yule hajazaliwa. Sikumwambia hivyo. Nilimwomba tu akiweke kifaa kipya kwenye friwili yoyote iliyokuwa ikining'inia nyuma yake, tuone kama meno yanaingia sawasawa au yanacheza, kwa kuwa nilishashuku kwamba meno yale yalikuwa membamba kuliko mapengo. Alikataa. Alisema akifungua pakiti hataweza kuiuza. Nadhani hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu mtu anayeuza kitu na hataki kukijaribu mbele ya mnunuzi ameshakujibu swali lako.

Nilirudi nyumbani na friwili bado ikiwa kwenye habu. Jirani mmoja, mtu mwema, alinishauri niichome moto. Nilimshukuru na sikufanya hivyo: alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na kwa kuwa habu ndiyo iliyo ndani na friwili ndiyo iliyo nje, kupasha vyote viwili ni kuikaza friwili zaidi, achilia mbali grisi ya habu itakayoyeyuka na kumwagika. Ilibaki njia ambayo nilikuwa nimelipa fedha ili niiepuke.

Njia yenyewe ni hii, na inahitaji vifaa vilivyomo katika nyumba nyingi. Friwili ya gia moja ina kifuniko cha mviringo upande wa nje, chenye vitundu viwili vidogo. Kifuniko hicho kina thredi za kushoto, kwa hiyo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea mwendo wa saa, na anayekipiga upande mwingine atakikaza hadi achoke. Niliweka ncha ya msumari mnene wa chuma kigumu kwenye kitundu, nikaugonga kwa nyundo kwa mshazari, na kikalegea kwa mapigo machache tu, kana kwamba kilikuwa kikinisubiri. Nilikuwa nimetandaza kitambaa chini, kwa sababu kifuniko kikitoka gololi humwagika; ni ndogo mno, unene wake ni kama milimita 3, na zikiingia kwenye mchanga wa uani hazipatikani tena. Duara la nje lenye meno ya mnyororo likatoka, pamoja na vile vipande viwili vidogo vinavyong'ata ndani na vijispringi vyake. Kilichobaki kwenye habu kilikuwa ni kiini cha friwili, mviringo wa chuma ulio wazi pande zote, ambao jiriwa inaweza kuubana moja kwa moja kwa taya zake bila kutegemea meno ya mtu yeyote. Niliubana kwa nguvu zote, nikalishika tairi kama mwanzo, na safari hii ulitoa mlio mkubwa ulioniogofya, nikidhani thredi za habu zimekatika. Hazikukatika. Friwili ilikuwa imeachia, na baada ya robo mzunguko ilitoka kwa mkono.

Hapo ndipo maoni yangu yanapoanza kunitatiza, na haki inanilazimisha niseme. Wiki chache baadaye mpwa wangu alikuja na gurudumu la baiskeli yake, ambalo friwili yake haikuwa na umri mkubwa. Nilikuwa nimeshayasawazisha meno ya kile kifaa kwa tupa, yakabaki mafupi lakini yenye pembe kali, na kwa udadisi tu nikakijaribu. Friwili ilitoka. Ilitoka bila kelele na bila mchubuko, na mpwa wangu akanisifu kwa kuwa na kifaa kizuri. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kitu chote ni takataka. Umbo lake ni sahihi, kinakaa vizuri kwenye jiriwa, tundu la ekseli lina nafasi ya kutosha, na kwa friwili changa iliyopakwa grisi kitakusaidia. Huenda hata kile changu kilitoka kwenye fungu lisilopikwa vizuri kiwandani na vingine ni vigumu zaidi. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimefikia kukipa nyota tatu kati ya tano.

Lakini nikifikiria tena, friwili changa iliyopakwa grisi ni ya nani? Anayefika dukani kutafuta kifaa hiki ni mtu ambaye friwili yake imegoma, na huyo ndiye ambaye kitamwangusha. Na huyo huyo akirudi ataambiwa hajui. Nyota ya tatu naiondoa. Nikimkumbuka kijana yule akicheka mbele ya wateja, na ya pili inanitoka mkononi, ingawa nakiri kwamba ucheshi mbaya wa muuzaji haukulainisha chuma.

Ukiwa na friwili yenye mapengo manne, tafuta kifaa cha meno manne, kwa kuwa nguvu hugawanyika na hakuna jino linalobeba nusu nzima ya kazi peke yake. Ukiwa na ya mapengo mawili kama yangu, na ikiwa imezeeka, weka fedha zako kwa ajili ya friwili mpya na uanze moja kwa moja na kile kifuniko, ukikumbuka upande wa kugonga. Hiyo mpya niliinunua duka la pili kutoka lile, kwa mama mmoja aliyenisalimia kabla sijauliza bei na akaniruhusu kuizungusha sikioni. Kabla ya kuifunga nilipaka thredi grisi nzito, zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kile kifaa nimekiacha nyota moja, nayo ni kwa ajili ya friwili ya mpwa wangu.