Nilitaka daktari nikapewa PA, na sasa simbadilishi

Huwa nasoma rivyuu za wenzangu tu mi mwenyewe siandiki, ila hii acha niandike. Ni ya kliniki ya afya ya akili ninayoenda huku Marekani, mwezi wa tano sasa, na hasa ya yule PA anayeniona (PA ni physician assistant, mtu aliyesomea kutibu na kuandika dawa ila sio daktari). Jina lake siweki, ukienda utamjua tu maana ndo peke yake anayetoka mwenyewe mpaka kwenye viti kuja kukuita.

Nilikuwa silali. Saa tisa usiku macho kodo, kazini nakosea vitu vya kitoto, nyumbani nafoka hovyo mpaka mke wangu akawa ananitumia meseji na tuko nyumba moja jamani. Nikapata apointimenti, naingia, jamaa cha kwanza ananiambia yeye sio daktari, ni PA. Moyo ukanywea. Yani bima nakatwa kila mwezi halafu naletewa msaidizi? Nikamuuliza kavukavu, haya mambo ya akili umesomea wapi. Hakununa. Akasema kabla ya chuo alifanya kazi kwenye ambulensi miaka sita, na wengi aliowafuata usiku hawakuwa na jeraha lolote, unamkuta mtu kakaa chini jikoni anatetemeka hajui ana nini, na kazi yake yeye ilikuwa kumfikisha emajensi na kumwacha pale mlangoni. Alichoka kuwaacha mlangoni, ndo akaenda kusoma: shahada ya uzamili ya miaka miwili na kitu, masaa zaidi ya 2,000 ya kuhudumia wagonjwa akiwa mwanafunzi, mtihani wa taifa, leseni ya jimbo, halafu baadae akaongeza cheti cha magonjwa ya akili ambacho kina mtihani wake peke yake. Dawa anaandika mwenyewe, na yupo daktari bingwa anayeshauriana naye.

Nilivyorudi home nikapekua na mimi. Kumbe hii kazi ilianzia Duke University mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead aliona madaktari hawatoshi akachukua wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la majini akawafundisha. Kwa hiyo mtu wa ambulensi kuwa PA wala sio ajabu, ndo asili yao.

Sasa kilichonifanya nibaki. Aliniuliza nataka kuongea lugha gani nikasema Kiingereza kinatosha, akasema sawa, ila ukiwa na hasira unawaza kwa lugha gani? Nikacheka, akaweka mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Nikasema "nina mawazo", mkalimani akalitafsiri vilevile lilivyo, jamaa akauliza mawazo kuhusu nini, nami nasema hapana sio kuhusu kitu, ni mawazo tu! Mkalimani akajaribu "sonona", yani depression, mimi hilo neno nilikuwa hata silijui lol. Mwingine hapo angeandika chochote aendelee. Yeye akaniuliza hayo mawazo yanakaa wapi mwilini. Kifuani, nikamwambia, kama nimebebeshwa gunia. Akaandika gunia. Mpaka leo nikiingia tu swali la kwanza ni gunia likoje wiki hii.

Halafu kuna ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, PHQ-9, alama zinaanzia 0 mpaka 27, zikipanda ndo hali mbaya zaidi, mimi nilipata 16. Swali la tisa linauliza kama unawaza bora ufe au ujidhuru. Sehemu nyingine niliyowahi kwenda walinipa karatasi nikatiki sifuri nikarudisha, hakuna aliyeangalia. Huyu aliniuliza mdomoni, kwa sauti ileile aliyoniulizia usingizi. Nikajikuta nasema ndio, saa nyingine nikiwa naendesha. Hakuruka, hakuita polisi. Akauliza inakuja lini, nimewahi kupanga namna, nyumbani kuna bunduki, nani naweza kumpigia usiku wa manane, tukaandika pamoja kwenye karatasi moja pamoja na ile namba 988 ya huku Marekani ya kusaidia watu wanaowaza kujiua, ambayo unapiga bure saa yoyote. Hiyo karatasi iko kwenye waleti yangu. Mi naona hapo ndo alinipata, kwa sababu hakuniogopa.

Dawa hakukimbilia. Kwanza vipimo vya damu, upungufu wa damu na tezi ya thairoidi, maana thairoidi ikizembea unaweza kuonekana una sonona kumbe ni tezi. Akauliza pia kama nimewahi kuwa na siku nalala masaa mawili na bado nina nguvu za ajabu na natumia hela kama kichaa, kwa sababu mtu wa baipola, ule ugonjwa wa kupanda juu kupita kiasi halafu kushuka, ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumpandisha juu zaidi. Ndo nikaanza setralini, dawa ya sonona, miligramu 50. Alisema wazi tumbo litasumbua mwanzoni, nafuu isubiri wiki nne mpaka sita, nisiache ghafla, na mambo ya chumbani yanaweza kulegea, hilo alilitaja mwenyewe na kunipunguzia aibu ya kuuliza. Wiki ya pili nilitaka kuzitupa, nikamwandikia, kesho yake asubuhi kajibu.

Mapungufu yapo. Ukishazoea, apointimenti ni dakika ishirini tu, na siku zingine unaanza kufunguka ndo muda umeisha. Na mapokezi, aisee. Unapiga simu unawekewa muziki mpaka unaukariri, na mara mbili waliniandikia tarehe tofauti na niliyokubali. Nampa nyota nne, ya tano nimeishikilia mpaka wapokee simu.