Radeon RX 6500 XT: kwenye mazabodi ya zamani, gemu itakwama tu

Kadi hii ya grafiki (inayochora picha za gemu) ya AMD ilitoka Januari 2022 kwa bei ya dola 199, na mpaka leo inawavutia wanaoboresha kompyuta kwa fedha kidogo. Inakula wati 107, na pawa saplai ya wati 400 inaitosha. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi anayeagiza vifaa Kariakoo na kwenda kuvipokea stendi, ni kadi ndogo isiyolazimisha kubadilisha boksi zima. Shida huanza baada ya kuifunga. Kaunta inaonyesha fremu (picha) 70 kwa sekunde, namba nzuri kabisa, lakini ukigeuza kamera haraka picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Mwenye mashine anaamini kauziwa kadi mbovu. Mara nyingi kadi ni nzima. Ndivyo ilivyoundwa, na mashine aliyoiweka haiendani nayo.

Tuanze na kukwama kwenyewe. Ukicheza kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kutoka. Fremu 59 zikiwahi na moja ikachelewa milisekunde 150, wastani unashuka kidogo tu lakini jicho linauona mshtuko wazi. Kwa hiyo namba ya wastani iache. Washa grafu ya muda wa fremu kwenye programu ya MSI Afterburner: mstari uliolala ni uzima, mstari wenye miiba ndio ugonjwa, na mahali miiba inapotokea ndipo panapotaja chanzo.

RX 6500 XT ina memori ya gigabaiti 4 tu, na inaisoma kwa kasi ya gigabaiti 144 kwa sekunde. Memori ikijaa, kinachozidi kinahamia kwenye RAM ya kompyuta, na kila kikihitajika lazima kipite kwenye sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Hapo ndipo AMD walipobana. Kadi nyingi za gemu zina njia 8 au 16 za PCIe; hii ina 4. Kwenye PCIe 4.0 njia hizo nne zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, na kwenye PCIe 3.0 karibu 4. Kutoka 144 hadi 4! Fikiria ghala la korosho limejaa magunia hadi darini, malori yamepanga foleni nje, na mlango unapitisha kuli mmoja mmoja. Ghala halina kosa, makuli hawana kosa, mlango ndio mwembamba.

Sasa mtego wenyewe, na huu unawanasa hata wanaojua kufunga mashine. Mtu ananunua mazabodi ya B550 kwa sababu inakubali PCIe 4.0, kisha anaipa Ryzen 5 5500. Prosesa hiyo ina PCIe 3.0 tu, hata ukiiweka kwenye mazabodi gani. Ndugu yake, Ryzen 5 5600, anayo 4.0, na keshi yake ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni megabaiti 32 badala ya 16, jambo ambalo peke yake linapunguza miiba kwenye grafu. Ukigeuza, Ryzen 5 5600 kwenye B450 au A320 nayo inarudi 3.0 kwa sababu ya mazabodi. Upande wa Intel, kizazi cha 10 kurudi nyuma ni 3.0, lakini i3-12100F kwenye mazabodi ya H610 inatoa 4.0 bila shida. Zile Dell na HP za ofisi zenye kizazi cha 6 au cha 7, zinazouzwa kwa wingi kama mtumba, zote ni 3.0. RX 6400, ile fupi isiyohitaji waya wa umeme inayopendwa kwa maboksi madogo ya ofisi, ina njia nne zilezile na gigabaiti 4 zilezile.

Usibishane na muuzaji, fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Kwenye mstari wa Bus Interface, soma kilichoandikwa baada ya alama ya @. Kadi ikiwa imetulia itaonyesha 1.1, na hilo lisikushtue, inapumzika ili kubana umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, anzisha jaribio, kisha soma upya. Ukiona x4 4.0, njia iko sawa. Ukiona x4 3.0, umeshajua mlango wako ni mwembamba kiasi gani. Ukiona x1 au x2, kadi haijakaa vizuri. Hilo si ajabu kwa mashine iliyosafiri mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam ndani ya buti la basi ikiwa imefungwa kadi tayari. Zima, chomoa umeme, toa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, irudishe mpaka kishikizo cha sloti kilie. Na iwe sloti ya juu, iliyo karibu na prosesa. Sloti ndefu ya chini kwenye B450 huwa inapitia chipseti (chipu ya mazabodi) kwa PCIe 2.0, na hapo unapata nusu ya ile nusu.

Baada ya hapo pima memori. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, chagua GPU, cheza dakika kumi kisha rudi uangalie. Kuna mistari miwili ya memori: ya kadi yenyewe na ya kuazima kutoka kwenye RAM. Ya kadi ikiwa imegota 3.8 au 3.9 huku ya kuazima inapanda na kushuka kila unapogeuza kamera, umemkamata mwizi. Dawa yake ni teksha, yaani picha zinazovishwa vitu vya gemu. Zishushe ngazi moja, ukihitaji mbili, kabla hujagusa kivuli wala nyasi, kwa sababu teksha ndizo zinazokula memori. GTA V inarahisisha: ukurasa wake wa grafiki unaonyesha memori unayotumia dhidi ya uliyonayo, kaa chini ya megabaiti 3,500. Funga Chrome pia. Vichupo vichache vyenye video vinaweza kushika mamia ya megabaiti za kadi wakati unazihitaji zote.

RAM nayo ina neno. Fimbo moja ya gigabaiti 16 ya DDR4-3200 inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde; fimbo mbili za 8 zinapitisha 51.2. Ziweke kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi yake kamili, maana bila hiyo fimbo za 3200 nyingi hukimbia 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia. Humo humo BIOS washa Above 4G Decoding na Resizable BAR, vinavyoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, ambavyo vinaisaidia kweli kadi hii yenye memori ndogo. Sharti lake ni kuzima CSM (hali ya kuwaka kwa mtindo wa zamani), na Windows iliyowekwa kwa mtindo wa zamani wa MBR haitawaka CSM ikizimwa. Hakikisha kwanza kwa amri mbr2gpt /validate /allowFullOS, hifadhi mafaili yako, ndipo ubadilishe validate iwe convert.

Kuna kukwama ambako kadi inasingiziwa. Pita sehemu ileile ya gemu mara tatu. Ikikwama mara ya kwanza tu kisha ikanyooka, hizo ni sheda (programu ndogo za kuchora picha) zinazotengenezwa. Hutokea kwa kadi yoyote, na hurudi kila unapobadilisha draiva. Vumilia, au iache gemu imalize kuzitengeneza kwenye menyu kabla ya kuanza. Kama kila kitu kinaganda pamoja na sauti, hata ukiwa kwenye desktopu, na mashine ni Ryzen, chunguza fTPM, sehemu ya usalama iliyo ndani ya prosesa. AMD walikiri Machi 2022 kuwa inasababisha hilo kwenye Windows 10 na 11, na marekebisho yako kwenye BIOS zenye AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) 1.2.0.7 kwenda juu. Tafadhali usiweke BIOS mpya bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena.

Draiva za kadi ya zamani nazo zinaleta fujo, hasa kwa anayetoka Nvidia. Pakua kwanza draiva ya AMD, ambayo inazidi megabaiti 500, kwa hiyo ngoja bando la usiku. Kisha zima intaneti kabisa, ingia Safe Mode, safisha draiva za zamani kwa programu ya DDU, weka draiva mpya, ndipo uwashe intaneti. Ukiiacha wazi, Windows Update itakuwekea draiva yake ya zamani ukiwa katikati ya kazi.

Wanaorekodi gemu kwa ajili ya YouTube au TikTok wasikilize hapa: RX 6500 XT haina kabisa sehemu ya kurekodi video ndani ya chipu. OBS, programu ya kurekodi, inaitupia prosesa kazi yote, na kwenye prosesa ya zamani ya nyuzi (threads) nne gemu itachanika vipande. Hili ni pungufu lisilosameheka kwa kadi ya mwaka 2022, maana hata GTX 1650 ya 2019 inarekodi.

Joto la Pwani yetu lina sura yake ya kukwama. Gemu inaanza vizuri, dakika ya ishirini inaanza kusuasua na haipati nafuu mpaka uipumzishe. Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, feni ndogo inayokuja na Ryzen inafika ukomo upesi. Ukomo wa 5500 na 5600 ni nyuzi joto 90. Angalia joto kwenye programu ya HWiNFO, fungua ubavu wa boksi, cheza tena. Ikitulia, tatizo ni hewa: ongeza feni ya kuingiza mbele, badilisha pesti ya prosesa. Nyumba za Mtwara zinazopigwa na upepo wa bahari, kuanzia Shangani hadi Mikindani, zinahitaji usafi wa mara kwa mara zaidi, kwa sababu vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu linaganda kwenye mapezi ya hitisinki na kula meno ya sloti. Brashi laini na browa. Kitambaa kibichi hapana.

Hukumu yetu basi. Mwenye B550 na Ryzen 5 5600, au i3-12100F, anayecheza Valorant, eFootball na GTA V kwa 1080p bila kurekodi, ataridhika na RX 6500 XT akipata kwa bei ya chini kweli. Mwenye PCIe 3.0 ya aina yoyote aiache. Kama pesa inaruhusu kuongeza, RX 6600 ina gigabaiti 8 na njia 8, inakula wati 132 kwa waya wa pini 8, na hata kwenye 3.0 inapata upana ule ambao 6500 XT inaupata kwenye 4.0, ikiwa na memori maradufu. Kama pesa haiongezeki, GTX 1650 Super iliyotumika ina gigabaiti 4 vilevile lakini ina njia 16, na kwenye mazabodi ya zamani ndiyo salama zaidi.

Ukimtuma mtu Kariakoo, mwambie asilipe kabla hajaona GPU-Z imefunguliwa mezani. Jina la chipu liwe Navi 24 kwa 6500 XT, Navi 23 kwa 6600, na memori iandikwe 8192 MB kwa hiyo ya pili. Apige picha ya skrini na namba ya utambulisho (serial) iliyo mgongoni mwa kadi, akutumie kabla ya basi kuondoka.