Heller 20 ya Tabora: nimeuziwa sarafu iliyosuguliwa

Nyota moja, na hiyo naitoa kwa basi lililoleta kifurushi, maana lilifika kwa wakati.

Niliagiza heller 20 ya 1916, sarafu ya enzi za Mjerumani, ile ya shaba nyekundu. Kwenye picha ilikuwa na weusi wake wa miaka mingi, ndivyo inavyotakiwa. Nafungua bahasha, inang'aa kama sufuria ya harusi! Imepigwa stiliwaya, mikwaruzo unaiona bila hata miwani.

Nikampigia muuzaji. "Dada, nimekusafishia bure, wenzako wananilipa." Bure! Nilipomwambia ameiharibu akacheka, eti pesa ya Mjerumani hainunui hata andazi, sasa uchafu wake naulilia nini. Akakata simu.

Kwa asiyeelewa ninachochemkia: sarafu hizi zilipigwa kwenye karakana ya reli palepale Tabora. Ni Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zimeziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, na noti zilizochapwa hukuhuku watu hawaziamini. Ikabidi wayeyushe shaba chakavu. Ndiyo maana hazifanani. Kuna za taji kubwa na za taji dogo, na upande wa pili tunatazama ncha za zile L mbili za HELLER, kama zimechongoka au zimejikunja. Kwetu wakusanyaji mchezo wote uko hapo. Sasa yangu, L ya kwanza ncha imelika, ya pili sijui ni ncha au ni mkwaruzo. Nimeikodolea kwa lenzi mpaka jicho likatoa machozi.

Haki yake nimpe lakini: si feki. T ya Tabora inasomeka, taji ni lile kubwa, na ukiishika unaona kabisa ni kazi ya mafundi wa reli wenye haraka. Walikuwa na sababu, Wabelgiji waliingia mjini Septemba ya mwaka huohuo. Na bei, tusidanganyane, kwingine sijaiona. Basi nyota ziwe mbili. Tatu, angeniomba radhi.

Hapana, subirini. Nimerudi kuitazama picha ya tangazo lake, nimeikuza. L zote mbili zimejikunja, safi kabisa, zinasomeka! Alikuwa nayo hivyo mkononi akaenda kutafuta stiliwaya. Nyota zangu nazirudisha mfukoni. Msinunue kwake. Au nunueni, bei ni nzuri, ila mwandikieni kabla hamjalipa kwamba asiiguse hata kwa maji.